Siku Mashujaa ya Kigoma Ilipoitoa Simba



Kamati ilipogawa kurasa za toleo hili la kumbukumbu, wenzetu walichukua mambo mazito: njia ya kutoka Pweto hadi Chiengi, siku za Kenani, kufunguliwa kwa Mantapala mwanzoni mwa mwaka 2018, visima, mashamba, shule. Sisi walimu tulipewa ukurasa wa historia, tukaambiwa tuchague wenyewe la kuandika. Tukachagua mpira. Mzee mmoja wa kamati alituuliza kwa mshangao kama mpira nao una historia. Tulimjibu kwamba unayo, na kwamba historia hiyo inagusa jambo ambalo kamati yenyewe inalibishania tangu kiangazi kilichopita.

Jambo hilo wakazi wote wanalijua, lakini tulieleze kwa ajili ya wageni. Katika kombe letu la mwaka jana, timu moja kubwa, yenye viatu na jezi kamili, ilipangiwa vijana wa bloku ya pembeni ambao wengi wao hucheza pekupeku. Matokeo yalikuwa mabao tisa kwa bila. Walioshindwa walichekwa mpaka kisimani, kijana mmoja akarusha jiwe, na wazee wakakaa hadi usiku kuamua ugomvi. Tangu hapo limetolewa pendekezo kwamba timu zigawanywe mafungu mawili, wakubwa wawe na kombe lao na wadogo lao, wasikutane kabisa. Wanaosema hivyo si watu wabaya, wanatafuta amani. Hata hivyo sisi tunapinga, na badala ya kupiga kelele kikaoni tumeona heri tusimulie mechi moja.

Mechi hiyo ilichezwa tarehe 26 Desemba 2018 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Lilikuwa kombe la shirikisho la mpira la Tanzania, ambalo wakati huo liliitwa Azam Sports Federation Cup. Upande mmoja ilikuwa Simba, klabu ya mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, iliyoanzishwa mwaka 1936, na ambayo msimu uliotangulia ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu. Upande wa pili ilikuwa Mashujaa ya Kigoma, timu ya Daraja la Kwanza. Msidanganywe na jina hilo, maana kwa Watanzania wakati ule Daraja la Kwanza lilikuwa chini ya Ligi Kuu, yaani ni la pili ukihesabu kutoka juu.

Wafanyakazi wetu wanaotoka mbali wanaweza kuuliza: Kigoma inawahusu nini watu wa Mantapala? Inatuhusu sana. Wengi wetu tumetoka Moba, Kalemie na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, na Kigoma iko ng'ambo ya ziwa hilohilo. Meli ya Liemba ilisafiri miaka mingi kati ya Kigoma na Mpulungu, bandari ya Zambia iliyo katika ncha ya kusini ya ziwa. Katika mkoa wa Kigoma ndiko iliko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Hakuna bloku hapa isiyo na mtu mwenye kaka, dada au shangazi Nyarugusu. Vita ilipokuja, wengine walishika njia ya maji, wengine njia ya Zambia, na ndivyo familia moja ilivyogawanyika kambi mbili katika nchi mbili. Redio za Tanzania tulizisikiliza tangu utoto, na ubishi wa Simba na Yanga tulikuwa nao kabla hatujajua bendera ya Tanzania ina rangi gani.

Desemba hiyo ya 2018 tulikuwa hatujamaliza hata mwaka mmoja hapa. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, turubai zinavuja, mtandao wa simu unapatikana kwa kupanda kichuguu na kuinua mkono. Jioni ya tarehe 26, siku ya pili ya Noeli, kijana mmoja alipata ujumbe kutoka kwa kaka yake aliye Nyarugusu. Uliandikwa hivi kwa ufupi: Simba wamepigwa na Mashujaa wa Kigoma. Kijana akashuka kichuguu akipiga makelele. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akipepeta unga, aliacha ungo akauliza: "Simba gani hao? Na vita imefika Kigoma?"

Tulicheka, lakini si sana. Kwa mtu wa umri wake Simba ni waasi wa mwaka 1964, na hao tangu zamani walikuwa na njia yao ya kwenda Kigoma. Kwa vijana wetu nao, kuna kundi la Maï-Maï linalotumia jina hilohilo. Tulimweleza bibi taratibu kwamba Simba hao wanavaa kaptura nyekundu na hawana bunduki. Akarudi kwenye ungo wake. Kesho yake alitutumia mjukuu aulize ni mabao mangapi.

Yalikuwa matatu kwa mawili. Mashujaa 3, Simba 2.

Ili mwelewe uzito wake, rudini nyuma siku tatu. Tarehe 23 Desemba, katika uwanja uleule, Simba ilikuwa imeitoa Nkana ya Kitwe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Majirani zetu wa Nchelenge na Kashikishi wanaikumbuka kwa uchungu. Nkana ilishinda 2 kwa 1 Kitwe tarehe 15, ikaenda Dar es Salaam, ikatangulia kufunga, na bado ikafungwa 3 kwa 1. Bao la mwisho, lililoipeleka Simba katika hatua ya makundi, lilifungwa dakika za mwisho kwa kisigino na Clatous Chama, ambaye ni Mzambia. Hebu fikirini: Mzambia anaitoa timu ya Zambia kwa kisigino, akiwa na jezi ya Watanzania. Hapa kambini siku hiyo wenyeji waliokuja kuuza samaki hawakutaka kuongea na mtu.

Basi Simba iliyoingia uwanjani tarehe 26 ilikuwa bado inashangiliwa na mji mzima. Mashujaa walitoka mwisho wa reli, kama wanavyopaita wenyewe Kigoma, safari ya zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli ya kati. Mchezo ulikuwa mmoja tu, bila wa marudiano, na anayefungwa anatoka. Simba ikatoka. Kibaya zaidi kwao ni kwamba mwaka mmoja kabla yake walikuwa wametoka vilevile. Tarehe 22 Desemba 2017, wakiwa ndio washika kombe hilo, walitolewa kwa penalti 4 kwa 3 na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, baada ya sare ya bao 1 kwa 1 huko Chamazi. Kesho yake kocha wao Joseph Omog hakuwa na kazi. Safari ya 2018 kocha Patrick Aussems alibaki, na alifanya vizuri kubaki, kama tutakavyoona.

Sasa tuulize: timu kubwa inafungwaje na ndogo? Sisi walimu tunaona hivi. Ligi ni kama masomo ya mwaka mzima: mwanafunzi akikosa swali leo, atafidia kesho, na mwisho wa mwaka aliyejiandaa vizuri ndiye anayeongoza. Kombe ni swali moja ubaoni, mbele ya darasa zima. Mwenye akili nyingi anaweza kulikosa kwa sababu ya uchovu au majivuno, na yule wa dawati la nyuma akalipata kwa sababu jana usiku hakusoma kitu kingine ila hicho. Simba walikuwa wametoka kumaliza mtihani mgumu wa Nkana na mbele yao kulikuwa na makundi ya Afrika. Mashujaa hawakuwa na mechi nyingine kubwa kuliko ile.

Tena kombe ni kongwe kuliko madaraja yenyewe. Hili wengi hawalijui, na ndilo tunalotaka kamati ilitazame. Shindano la kwanza la kombe la namna hii lilianza Uingereza mwaka 1871, timu 15 zikajiandikisha, na fainali ikachezwa mwaka 1872. Wanderers waliifunga Royal Engineers, timu ya wanajeshi wahandisi, bao 1 kwa bila. Wakati huo ligi haikuwapo, wala daraja la kwanza wala la pili. Ligi ilikuja mwaka 1888, na daraja la pili mwaka 1892. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano watu walicheza kombe bila kuulizana wewe ni wa fungu gani. Madaraja yalitungwa baadaye, kwa sababu nzuri tu za kupanga ratiba na kuhakikisha kila Jumamosi kuna mchezo wa kufaa. Lakini kombe liliachwa kama lilivyokuwa, ili angalau mara moja kwa mwaka ngazi ziondolewe.

Sisi tunaoishi kwa makundi tunalielewa hilo bila kufundishwa. Tangu tulipovuka mpaka tumeandikwa katika karatasi nyingi: waliofika mwanzo na waliofika baadaye, wenye mahitaji maalumu na wasio nayo, waliopata shamba na wanaosubiri. Hatulalamiki, maana bila orodha chakula hakigawanyiki. Tunasema tu kwamba uwanja ni mahali pachache palipobaki ambapo mtu haulizwi namba ya kadi.

Hapa lazima tuseme kweli, maana ndugu mmoja wa kamati alitubana tulipomsomea sehemu hii. Alisema: "Walimu, Mashujaa si watoto wa pekupeku. Ni timu ya jeshi. Wanakula, wanafanya mazoezi kila asubuhi, wana viatu." Ni kweli. Mashujaa ni timu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Green Warriors nao ni wa jeshi. Hao Royal Engineers wa mwaka 1872 ni vivyo hivyo. Kuwa daraja la chini si sawa na kukosa kila kitu. Na tuongeze jambo ambalo yeye hakulisema: baadhi yetu hatukupenda kushangilia timu ya askari. Tumewaona watu wenye sare wakiingia vijijini mwetu, na wengine wasio na sare wakifanya mabaya zaidi. Mwenzetu mmoja aliposikia Mashujaa ni wanajeshi alinyamaza siku nzima. Baadaye alisema labda ni vizuri kujua kwamba kuna nchi, tena jirani kabisa, ambako askari anajulikana kwa kufunga bao. Tunayaacha maneno yake kama alivyoyasema.

Kwa hiyo yale mabao tisa yana sababu ambayo haiponi kwa kuwaachia wadogo wacheze bila maandalizi. Hapo ndugu yetu ana haki. Ila dawa yake ndiyo tusiyoikubali, kwa sababu ipo nyingine, na imejaribiwa Ufaransa. Katika Kombe la Ufaransa timu iliyo madaraja mawili au zaidi chini ya mwenzake hupewa nafasi ya kucheza nyumbani. Yaani mkubwa ndiye anayesafiri, akanyage nyasi asizozijua, mbele ya watu wasiompenda. Huko ndiko mwaka 2000 timu ya Calais, mji wa bandari kaskazini mwa nchi, ilipofika fainali ikiwa ya daraja la nne, na wachezaji wake watu wa kazi za kawaida. Iliitoa Strasbourg, ikaitoa Bordeaux iliyokuwa bingwa wa Ufaransa, na tarehe 7 Mei ikafungwa na Nantes 2 kwa 1 kwa penalti ya dakika ya mwisho. Nahodha wa Nantes, Mickaël Landreau, alimwita nahodha wa Calais wakainua kombe pamoja. Timu hiyo ya Calais ilivunjwa mwaka 2017 kwa kukosa fedha. Mji wenyewe wengi sasa wanaujua kwa sababu ya watu kama sisi, waliokaa kule katika mahema wakitafuta njia ya kuvuka kwenda Uingereza, mpaka kambi yao ilipobomolewa mwaka 2016.

Turudi kwa Simba, kwa kuwa habari yao haikuishia kwenye aibu. Timu hiyohiyo iliyofungwa na Mashujaa ilikwenda Kinshasa Januari 2019 ikafungwa na Vita 5 kwa bila, ikafungwa tena 5 kwa bila na Al Ahly huko Misri, na watu wakasema imekwisha. Lakini nyumbani Dar es Salaam iliwafunga wote wawili, Al Ahly 1 kwa bila na Vita 2 kwa 1, ikaingia robo fainali. Huko ikakutana na nani? TP Mazembe ya Lubumbashi, timu yetu. Mchezo wa kwanza Dar es Salaam tarehe 6 Aprili ulikwisha bila bao. Wa pili Lubumbashi tarehe 13 Aprili, Emmanuel Okwi aliifungia Simba dakika ya pili tu, na bloku zote za Mantapala zikanyamaza kama shule siku ya likizo. Kisha Mazembe wakafunga manne.

Jumatatu yake darasani mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, Mashujaa ni kubwa kuliko Simba. Simba ni kubwa kuliko Nkana. Mazembe nayo ni kubwa kuliko Simba. Je, Mashujaa na Mazembe, nani mkubwa?" Tuliandika ubaoni kwa ile alama ya kubwa kuliko, tuliyokuwa tumeifundisha wiki iliyotangulia. Tukajaribu kila njia. Haikutoka. Tukawaambia alama hiyo ni ya namba, haifanyi kazi kwa timu za mpira. Mtoto hakuridhika, na kusema kweli sisi wenyewe tulibaki tukiifikiria hadi chakula cha mchana.

Mashujaa nao hawakubaki walipokuwa. Mwaka 2023 walipanda Ligi Kuu baada ya kuishinda Mbeya City katika mechi za mchujo. Tarehe 9 Aprili 2024 walikutana tena na Simba katika kombe lilelile, ambalo wakati huo lilikuwa limebadilishwa jina kufuata mdhamini mpya. Safari hii mchezo ulikuwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, na wote wawili walikuwa wa daraja moja. Sare 1 kwa 1, kisha penalti, Mashujaa 6 Simba 5. Kaka yule wa Nyarugusu alituma ujumbe tena, na sasa hakuna aliyeogopa vita. Uwanja huo ndio ule ambao Julai 2021 Simba waliifunga Yanga 1 kwa bila katika fainali ya kombe hilo, kwa bao la Taddeo Lwanga. Fainali ya Simba na Yanga ililetwa mwisho wa reli, na watu wa ziwa wakaiona kwa macho yao badala ya kuisikia redioni.

Kwa hayo yote tumeiandikia kamati ombi, nalo tunaliweka hapa ili kila mtu alisome kabla ya kikao. Kombe liwe moja, na timu zote za bloku, pamoja na za vijiji vya wenyeji wanaotaka kushiriki, ziingie katika kopo moja. Timu ndogo ikipangiwa kubwa, mchezo ufanyike kwenye uwanja wa ndogo, hata kama una mteremko. Viatu vilivyo katika stoo ya michezo vigawiwe wiki mbili kabla, visitolewe asubuhi ya mchezo, maana mguu uliozoea udongo haujui kiatu kwa siku moja. Atakayewacheka walioshindwa kisimani ajue kwamba walimu wanakuja kuchota maji palepale.

Vijana wa bloku iliyofungwa tisa tuliwauliza kama wanataka kombe lao peke yao. Nahodha wao alijibu kwa niaba ya wenzake: "Tukicheza na wadogo wenzetu tukashinda, tutakuwa tumemshinda nani?" Yule aliyerusha jiwe alikuwa amekaa pembeni, hakusema neno. Lakini wiki hii tumemwona na panga akifyeka uwanja wao pamoja na wenzake. Upande wa njia wameshamaliza. Upande wa kichuguu bado, na wanaomba mwenye jembe la ziada awaazime hadi Jumamosi.